Ulingo Hauna Shemeji

Sechelela Madeje alipanda Ulingo huku akicheka, akashuka akiwa kimya, na kati ya hayo mawili zilipita sekunde arobaini tu.

Nyemo Sajilo alizihesabu zote, kama alivyozoea. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili akiwa mpimaji wa Mji wa Vioo, na mikono yake iliijua kazi kuliko alivyoijua njia ya kwenda nyumbani kwake. Ulingo wenyewe ulikuwa jukwaa la chuma lenye mabamba mawili ya shaba ya kukanyagia na vishikio viwili vya kushika. Mtu akikanyaga na kushika, umeme hafifu usioweza hata kumtekenya ulimpanda miguuni, ukampitia mwilini na kutokea mikononi. Kisha skrini ilitoa namba tatu: uzito, nyama na mafuta.

"Kilo hamsini na sita," Nyemo alisoma. Sauti yake ilikuwa ndogo siku zote, na watu walizoea kunyamaza ili waisikie. "Nyama arobaini na mbili. Mafuta kumi na nne."

Kwenye foleni, wenzake kumi na mmoja wa safu ya saba waliacha kutaniana.

"Soma tena, sista," alisema Mihayo, kijana mrefu ambaye kwa kawaida hakuweza kukaa dakika mbili bila kumchokoza mtu.

"Arobaini na mbili."

Mstari wa nyama kwa wanawake wanaokimbia kufuta vioo ulikuwa arobaini na tatu. Aliyekuwa juu ya mstari alikimbia: kilomita ishirini kwa siku katika uwanda wa Bahi, brashi begani, akifuta vumbi kwenye vioo vilivyokusanya jua la nusu ya nchi. Kwa kazi hiyo alipewa lita sita za maji kila siku, zikipungua au kuongezeka kidogo kwa kadiri ya nyama yake, kwa kuwa nyama ndiyo inayofanya kazi na ndiyo inayokunywa. Aliyekuwa chini ya mstari aliwekwa kivulini. Huko alikaa bandani akishona brashi zilizonyofoka, na maji yake yalikuwa lita tatu.

Sechelela alikuwa na miaka arobaini na moja. Alikuwa ameongoza safu ya saba kwa miaka tisa, na hakuna mtu katika mji ule aliyewahi kumpita njiani akarudi kusimulia.

"Basi nimezeeka," alisema akivaa kandambili zake. "Lilikuwa linakuja."

"Da Seche, usiongee hivyo," Mihayo alisema. "Jana tu umenitoa ulimi."

"Wewe hata mbuzi mwenye mimba anakutoa ulimi."

Walicheka, lakini cheko lilikatika njiani. Nyemo hakucheka. Alikuwa amefungua kumbukumbu za wiki mbili zilizopita na kuziweka kando ya hizi mpya. Wakati ule Sechelela alikuwa na kilo hamsini na nane, nyama arobaini na tano, mafuta kumi na tatu. Leo amepungua kilo mbili, na bado mafuta yake yameongezeka kilo moja. Mtu anayekimbia juani tangu alfajiri, kwa ugali wa kupimiwa, amenenepa huku akikonda.

Aliitazama midomo ya Sechelela. Ilikuwa imepasuka pembeni. Aliushika mkono wake, akavuta ngozi ya mgongo wa kiganja kwa vidole viwili, kisha akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama kama hema dogo, ikarudi taratibu.

"Da Seche, mara ya mwisho umekunywa maji lini?"

Sechelela aliutoa mkono wake. "Mdogo wangu, wewe umeajiriwa kupima. Pima."

Sheria ilimpa mpimaji hadi jua kuzama siku ya pili kabla ya kutia saini. Tangu aajiriwe, Nyemo hakuwahi kuzitumia siku hizo mbili hata mara moja. Mkono wake ulikuwa hauna shaka, na saini yake ilikuwa inakauka kabla mtu hajateremka ngazi. Leo aliifunga kalamu.

"Nitasaini kesho," alisema.

Safu nzima ilimtazama kama vile Ulingo wenyewe umesema kitu.

*

Aliwafuata. Hakuomba ruhusa, alichukua kofia ya mkeka mlangoni na kutembea nyuma yao hadi safu ya saba, mwendo wa saa nzima kwa mtu asiyezoea. Vioo vilisimama pande zote mbili, kila kimoja kikubwa kama ukuta wa nyumba, vikigeuka polepole kulifuata jua. Joto lilitoka juu, likatoka chini, likatoka pembeni.

Kwenye kioo cha kwanza watu kumi na wawili waliketi katika kivuli chembamba. Kila mmoja akatoa begani chupa iliyojaa hadi shingoni.

"Fungua," Sechelela alisema.

Wakafungua kwa pamoja. Wakanywa kwa pamoja, vichwa nyuma, koo zikipanda na kushuka, hadi Nyemo aliyesimama pembeni akajisikia kama amevamia sala ya watu. Mihayo alimaliza wa kwanza, akajifuta mdomo kwa mkono.

"Haya ni maji ya jana?" Nyemo aliuliza.

"Ya jana, ndiyo. Ya leo hatujayagusa."

"Kwa nini ya jana yamebaki?"

Mihayo alimtazama mwenzake, mwenzake akamtazama Sechelela, na Sechelela akatazama brashi yake.

"Sista, si tulikuwa tunakausha," Mihayo alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni choo kiko upande gani. "Siku moja kabla ya kupimwa, kuanzia saa sita mchana, hakuna anayeonja maji. Ukionja unaimbwa. Mimi niliwahi kunywa kifuniko kimoja, kifuniko tu, nikaitwa Bwawa miezi minne."

"Bado ni Bwawa," mtu alisema.

"Mnaona? Bado."

Nyemo aliketi chini. "Mnakausha kwa sababu gani?"

Sechelela ndiye aliyejibu. Zamani, alisema, kabla ya Ulingo, kulikuwa na toroli ya waya iliyowabeba watu hadi safu za mbali. Toroli ilibeba kilo mia saba na haikuongezewa hata gramu. Asubuhi watu walipimwa kwa mizani ya kawaida, wepesi wakapanda, wazito wakaenda kwa miguu kilomita tisa kabla hata ya kuanza kazi. Basi watu wakajifunza. Nusu lita ya maji ni nusu kilo. Mama zao walikausha, wao wakakausha. Toroli ilikatika waya, ikaondolewa, Ulingo ukaletwa, na siku ya kupimwa ikabaki kuwa siku ya kupimwa.

"Na kiongozi," Mihayo aliongeza, "anaanza mapema kuliko wote. Yeye juzi jioni alishafunga chupa."

Nyemo aliishika kofia yake kwa mikono miwili. Chuoni alikuwa amefundishwa jambo hili katika mhadhara mmoja wa asubuhi, na akalijibu vizuri katika mtihani. Umeme haupiti katika mafuta kwa urahisi. Unapita katika maji, na maji ya mwili yamehifadhiwa zaidi katika nyama. Ulingo haujawahi kuiona nyama ya mtu. Unaona tu jinsi umeme unavyopita, kisha unakisia. Ukipita kwa wepesi, husema nyama ipo. Ukikwama, husema ni mafuta. Mwili uliokauka huukwamisha umeme, na Ulingo, kwa uaminifu wote, huuita mwili huo mlegevu.

Wepesi waliokuwa wanautafuta ndio uliokuwa unawahukumu. Na aliyepimwa pungufu alipunguziwa maji. Safari iliyofuata alikuja mkavu zaidi.

Hesabu hiyo ilimjia yote kwa mara moja, safi, bila kipande kilichobaki nje. Nyemo aliiamini kama alivyoamini majina yake. Alichukua chupa yake mwenyewe ya maji, akaitazama, akaifunga kifuniko. Ilikuwa saa sita kasoro.

"Nipeni brashi," alisema.

"Sista, utaungua."

"Nipeni."

*

Dakta Ambilikile alikuwa na ofisi yenye feni moja na dirisha lililofunikwa turubai. Yeye ndiye aliyeubuni Ulingo. Alikuwa mtu wa umri wa kustaafu, mpole, mwenye tabia ya kumpisha mgeni kiti chake mwenyewe. Nyemo aliketi kwenye kiti hicho alasiri ile, uso umemwiva kwa jua, ulimi umenata mdomoni, akaeleza yote bila kusita mahali popote. Alishangaa mwenyewe. Sauti yake ilibaki ndogo, lakini haikutetemeka.

Dakta alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavua miwani.

"Tuliujaribu kwa wanafunzi mia mbili," alisema. "Mjini, kwenye baridi, bomba liko mlangoni. Sikuwahi kuwaza mtu atakuja kwangu amejikausha kwa makusudi."

"Hukuwajua, Dakta. Hata mimi sikuwajua. Nimewapima miaka miwili sijawahi kuuliza."

"Ni wangapi?"

Alijua anaulizwa nini. "Ishirini na sita wako kivulini kwa saini yangu. Sijui ni wangapi kati yao walistahili."

Feni ilizunguka. Dakta alisimama, akaenda dirishani, akainua pembe ya turubai. Kule chini bomba la mgawo lilionekana, na foleni yake iliyonyooka, kila mtu na namba yake, bila mtu wa kuwasimamia.

"Ulikuwa bado shule kipindi cha bomba la kwanza," alisema. "Mgawaji alikuwa na shemeji, shemeji alikuwa na rafiki. Watu walichomana visu pale unapopaona. Mdogo wangu wa mwisho alipoteza jicho kwa ndoo moja. Ndipo nikatengeneza kitu kisicho na shemeji. Watu wanakubali lita tatu bila kelele kwa sababu wanajua Ulingo haumjui mtu." Aliiachia turubai. "Kesho ukisimama useme Ulingo unadanganywa na maji, keshokutwa kila mtu atakuwa na hadithi yake. Mwenye nyama na asiye na nyama. Tutarudi kwenye visu."

"Lakini Da Seche..."

"Sechelela tutamwokoa. Andika kwamba mabamba yalikuwa na vumbi. Kosa la mpimaji. Nitakukata siku tatu za likizo, basi. Mwambie anywe maji vizuri, umpime faragha kesho mchana, abaki na safu yake. Hakuna atakayeumia."

Lilikuwa jambo dogo sana. Nyemo aliliona lote, mwanzo hadi mwisho: sentensi moja kwenye kumbukumbu, aibu ndogo ambayo ingesahaulika mwezi ukiisha, na Sechelela akikimbia mbele ya safu yake kama kawaida. Aliitamani njia ile kwa moyo wote.

"Naomba nimuulize yeye," alisema.

*

Nyemo alimkuta Sechelela mlangoni kabla hajabisha. Alikuwa anachambua mlenda kwenye ungo, na hakuacha kuchambua wakati Nyemo anaeleza, wala hakuinua uso aliposikia neno faragha.

"Kwa hiyo sijazeeka," alisema mwishowe.

"Umezeeka kidogo. Si kwa kadiri ile."

Sechelela alicheka kwa pua. "Angalau husemi uongo." Alitupa jani bovu. "Unamkumbuka Chilewa?"

Nyemo alimkumbuka. Chilewa alikuwa mkimbiaji wa safu ya saba. Mwaka mmoja uliopita alipungua kilo moja chini ya mstari wa wanaume, na Nyemo akasaini.

"Chilewa alikuwa anakausha kuliko mimi. Alikuwa anajisifu nalo. Siku uliyomweka kivulini alikuwa anaweza kumbeba mtu mzima begani hadi safu ya kumi, na nina hakika kwa sababu aliwahi kunibeba mimi nilipotegua mguu. Nenda kamwone leo. Anakaa, anashona, anakunywa lita tatu. Mapaja yamekuwa mikono." Aliuweka ungo chini. "Ulingo ulisema amepungua, ukampunguzia maji na kazi, akapungua kweli. Sasa hata ukimpima akiwa ameshiba maji, Ulingo utakuwa na haki. Unaelewa ninachosema?"

"Naelewa."

"Unataka niponee mlango wa nyuma, halafu keshokutwa nipite bandani kwake nimsalimie?"

Nyemo alitazama majani ya mlenda yaliyobaki kwenye ungo. Koo lilimkereketa, kichwa kilianza kumgonga kwa kiu, na machozi yaliyotaka kutoka hayakuwa na maji ya kutokea.

"Nikisema hadharani," alisema baadaye, "Dakta anaogopa watu watagombana bombani."

"Watagombana. Sisi tunagombana hata kwa chumvi. Lakini hawa si wale wa zamani, mdogo wangu. Hawa wamezoea kuonyeshwa namba. Waonyeshe." Alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Mbona midomo yako hivyo?"

"Nimekausha."

Sechelela akaanza kucheka hadi mabega yakatikisika. "Bwawa akisikia hili atajinyonga kwa wivu."

*

Asubuhi uwanja wa Ulingo ulikuwa umejaa. Ilikuwa zamu ya safu ya nane kupimwa, lakini safu ya saba nayo ilikuja, na watu wa kivulini walitoka bandani na brashi zao mikononi, kwa sababu Mihayo alikuwa amepita kila mlango akitangaza kwamba sista atajipima mwenyewe. Dakta Ambilikile alisimama kando ya ngazi. Hakumzuia. Nyemo alikuwa amekwenda kwake alfajiri na kumwambia atakachofanya, na yeye akauliza tu kama ana hakika. Alimjibu ndiyo.

"Jana asubuhi," Nyemo alisema, na watu wakanyamaza ili wamsikie, "nilipoujaribu Ulingo kwa mwili wangu kabla ya kuwapima, nilikuwa na kilo hamsini na tano. Nyama arobaini, mafuta kumi na tano. Imeandikwa, mnaweza kuiona. Tangu saa sita jana sijanywa maji. Nimefuta vioo na safu ya saba."

"Amefuta vinne," mtu alisema.

"Vitatu," alisema Nyemo. "Cha nne alinimalizia Mihayo."

Akavua viatu, akapanda, akashika vishikio. Sekunde arobaini.

"Hamsini na tatu na nusu. Nyama thelathini na saba na nusu. Mafuta kumi na sita." Aligeuza skrini iwatazame. "Kwa siku moja nimepoteza nyama kilo mbili na nusu na nimenenepa kilo nzima. Kuna mtu hapa anayeamini hilo?"

Watu walisogea karibu na skrini. Kisha Mihayo akapaza sauti. "Mpeni maji, tuone."

Alilitegemea hilo. Sechelela alimpa chupa ya lita moja na Nyemo akainywa yote palepale, kwa aibu, macho mia mbili yakiitazama koo yake. Akapanda tena.

"Hamsini na nne na nusu," alisoma. "Nyama thelathini na saba na nusu. Mafuta kumi na saba."

Uwanja uliangua kicheko. "Maji yamekuwa mafuta," mama mmoja wa safu ya nane alisema, akishika kiuno. Mwingine akasema basi huo mtambo ni mlevi. Kicheko kilianza kubadilika rangi, mtu akauliza ni mara ngapi umewapima wakiwa hivyo, mwingine akasema mbona yeye alishushwa lita moja mwezi uliopita, na nyuma kabisa watu wawili walianza kusukumana. Nyemo aliwaona. Alimwona na Dakta akifumba macho.

"Sijamaliza," alisema.

Hakupaza sauti. Alisubiri tu, juu ya Ulingo, miguu mitupu, hadi waliokuwa mbele wakawanyamazisha waliokuwa nyuma.

"Maji niliyokunywa sasa yako tumboni. Mizani imeyaona, umeme haujayaona. Yakishafika kwenye nyama, utayaona. Yanahitaji saa nyingi na yanahitaji kutulia. Kwa hiyo msifikirie mtaudanganya Ulingo kwa kunywa mlangoni. Ukinywa mlangoni unaandikiwa mafuta. Ukikausha unaandikiwa mafuta. Ulingo unasema kweli kwa mtu mmoja tu, yule aliyekunywa kama kawaida na kupumzika." Alivuta pumzi. "Jua likikaribia kuzama nitapanda tena. Da Seche naye. Tutakaa hapa barazani, mtuone."

Waliketi barazani siku nzima. Shida ilikuwa moja, na ndiyo iliyowatuliza watu kuliko maneno: mgawo wa Sechelela haukutosha kuirudisha siku iliyokwisha. Mihayo alikuja na kikombe. Alikimimina katika chupa ya Sechelela bila kusema kitu, akaondoka kwenda kazini. Wa pili akafuata, kisha wengine tisa. Kumpa mtu maji yako lilikuwa kosa la kuandikwa, na Dakta Ambilikile, aliyekuwa ameketi hatua tano kutoka pale, alisoma gazeti lilelile ukurasa uleule kwa muda wote huo.

Walikunywa polepole, kikombe kwa saa. Mchana Sechelela alilala mkekani akakoroma. Alasiri vioo vilianza kuinama.

Waliporudi, watu walikuwa wengi kuliko asubuhi na kelele zilikuwa chache zaidi. Nyemo alipanda wa kwanza.

"Hamsini na tano. Nyama arobaini. Mafuta kumi na tano."

Mguno mrefu ulipita uwanjani. Sechelela alipanda. Safari hii hakucheka wala hakuficha kwamba anaogopa. Alishika vishikio kama mtu anayeshika kamba.

"Hamsini na nane," Nyemo alisoma. "Nyama arobaini na nne na nusu. Mafuta kumi na tatu na nusu."

Safu ya saba ilimpokea chini ya ngazi kwa mikono. Bwawa alilia waziwazi, akasingizia vumbi. Nyemo alichukua kalamu, akasaini juu ya mstari, na chini ya saini akaandika jambo ambalo halikuwa na nafasi yake kwenye ukurasa: saa ngapi amekunywa, kiasi gani, amepumzika muda gani. Aliandika kwa mkono thabiti. Kuanzia kesho, alijua, hakuna namba itakayoandikwa bila hayo.

Alipoinua macho, mtu mmoja alikuwa amesimama mbele ya ngazi. Ilimchukua muda kumtambua. Nguo zilimning'inia.

"Na mimi?" Chilewa alisema.

Kila mtu aliweza kuona mapaja yale. Nyemo aliweza kuona na namba, kabla ya mtambo wowote: ingekuwa chini ya mstari leo, na kesho, na hata akinywa bwawa zima. Ulingo ungesema kweli, na ukweli huo ungekuwa ni kazi ya mkono wake mwenyewe.

Aliinama, akazima Ulingo. Mwanga wa skrini ulikufa. Kisha akashuka ngazi hadi chini, kwa sababu hakutaka kumwambia maneno hayo akiwa juu.

"Kaka Chilewa, yako haitarudi kwa siku moja. Mimi ndiye niliyesaini. Ulikuja umekauka, sikukuuliza."

"Najua nilikuja nimekauka," Chilewa alisema. "Nilijisifu."

"Ulijisifu. Kazi ya kuuliza ilikuwa yangu."

Alifungua kumbukumbu kwenye ukurasa wake, pale pale, akiziegemeza kwenye mkono wake. Aliandika: lita sita. Mbele yake, panapokaa namba ya nyama, hakuandika namba. Aliandika kwamba kipimo kilikosea, akatia saini. Mgawo usiotokana na Ulingo ulikuwa haujawahi kuandikwa katika mji ule tangu Ulingo uletwe, na kila aliyekuwa pale alilijua hilo. Nyemo alisubiri mtu apige kelele.

Dakta Ambilikile alikuja, akachukua kalamu mkononi mwake. Alisoma mstari ule mara mbili. Akasaini chini yake, kisha akampa Nyemo kalamu na kumwambia kwa sauti ya kawaida, "Bado ishirini na tano. Waite kwa majina."

Nyemo hakuhitaji kufungua kurasa. Majina yote alikuwa nayo kichwani. Aliyaita moja baada ya jingine, na safari hii sauti yake ilifika hadi nyuma.

Chilewa alikuwa bado amesimama, mguu mmoja kwenye ngazi, akingoja kupimwa.

"Leo hupimwi, kaka," Nyemo alimwambia. "Leo unakunywa."